Krismasi ya Elnino, Bibi alipomtangazia Baba mdogo ndoa

Jumapili ya kwanza ya Majilio, kile kipindi cha kungoja Krismasi, mwaka 1997, tarehe 30 Novemba, karani wa usharika wetu wa Kilutheri alisimama mbele na daftari lake la matangazo, akasoma habari za mchango wa mabati, akasoma kikao cha akina mama, halafu kwa sauti ileile akasoma kwamba fulani wa mtaa wetu anatarajia kufunga ndoa na fulani wa Njombe, hili ni tangazo la kwanza, mwenye pingamizi afike ofisini. Kanisa zima likageuka kumwangalia Bibi. Yeye katulia tu anaangalia madhabahu na kitambaa chake cha zambarau kana kwamba aliyetajwa ni mtoto wa jirani. Na mimi niliyekaa pembeni yake nilikuwa najua kitu ambacho wengine wote hawajui, kwamba Baba mdogo aliyetangazwa yuko zake Kariakoo anauza vitenge na hana habari hata kidogo.

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa. Sisi ni watu wa Machame, Kilimanjaro, kule juu karibu na msitu, na Ulutheri kwetu haukuja jana, wamisionari wa Leipzig walifika Nkwarungo 1893, kwa hiyo ukizaliwa unabatizwa, ukikua unapata kipaimara, ukioa unaoa kanisani, ukifa matarumbeta yanakupigia. Ukiruka hatua moja hapo katikati watu wanajua. Baba mdogo aliruka ya ndoa. Alikuwa anaishi na Mama mdogo, huyohuyo wa Njombe, huko Dar miaka na miaka bila cheti wala baraka, wana watoto wawili, mkubwa wa kiume wa miaka sita na mdogo wa kike, na kwa utaratibu wa usharika wetu enzi zile hiyo ilikuwa na maana kwamba Baba mdogo ametengwa, meza ya Bwana hakaribii, na watoto hawabatizwi mpaka wazazi warudi kundini. Bibi alikuwa mjane wa mzee wa kanisa. Hebu fikiria, mjane wa mzee wa kanisa ana wajukuu wawili hawajabatizwa, na kila Krismasi watoto wa wenzake wanapelekwa mbele wamevaa nyeupe, yeye anapiga makofi tu.

Mimi nilikuwa darasa la tano, naishi na Bibi, na kwa sababu macho yake yalishaanza ukungu mimi ndiye nilikuwa namsomea barua na kumwandikia. Mwezi wa kumi ikaja barua ya Baba mdogo. Mambo mengi, biashara ngumu, watoto hawajambo, Krismasi tunakuja wote, na mwishoni akaweka sentensi moja ya kumfurahisha mama yake, kwamba haya mambo ya kanisani utakavyoona wewe mama ni sawa tu. Bibi akaniambia rudia hapo. Nikarudia. Akachukua barua akaikunja akaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo, kesho yake akavaa kitenge cha kanisani siku ya kazi, akanishika mkono tukaenda ofisini.

Mchungaji alikuwa kijana, hana muda mrefu tangu atoke Makumira, chuo cha wachungaji, na nadhani Bibi alishampima akaona huyu anamuweza. Akamwekea ile barua mezani, "Kaandika mwenyewe kwa mkono wake, mtoto huyu kaisoma, anasema nitakavyoona mimi. Mimi nimeona ndoa." Mchungaji akaisoma, akacheka kidogo, akajikaza. Akasema sawa, matangazo yanaweza kuanza ili Jumapili tatu ziishe na siku 21 za notisi ya ndoa ya serikali zitimie kabla ya sikukuu, ila kuna mambo ya lazima, wahusika wenyewe wafike mbele ya wazee wa kanisa, yule mwanamke alete barua ya usharika wake wa nyumbani, na huyu bwana deni lake la bahasha, zile za ahadi ya sadaka, liangaliwe. Tukarudi nyumbani nikaandika barua ya Njombe palepale, Bibi anatamka mimi naandika, "Kwa Baba Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe," na kadhalika, stempu, posta.

Sasa mvua. Waliokuwepo wanakumbuka Elnino ya mwaka ule, ilinyesha mpaka ikawa kama mbingu imesahau kufunga koki. Migomba inalala, kahawa haikauki kwenye chekecheke, barabara ya kupanda kwetu imekuwa tope tupu, pikapu za kwenda soko la Kwa Sadala zinakwama akina mama wanashuka kusukuma na ndizi zao ziko juu. Barua ya Njombe kimya. Wiki ya pili kimya. Matangazo yanaendelea, la pili, la tatu, mishumaa ya Majilio inaongezeka pale mbele na mimi roho inadunda maana niliona kabisa hapa kuna siku watu watasimama mbele ya kanisa hawana karatasi.

Baba mdogo alikuja kujuaje? Mtu wa kijijini alishuka Dar kuchukua mzigo wa sikukuu, akapita dukani kwake akampa mkono, hongera mangi tumesikia tangazo la ndoa. Baba mdogo anasimulia mpaka leo kwamba alikuwa anapima kitenge, akabaki ameshika mita hewani. Na Mama mdogo alikuwa nyuma ya kabati la nguo anasikia yote, akajua tayari huyu kajitafutia Mchaga wa kwao huko, hakumsemesha, hakupika, mpaka yule jamaa alipobanwa vizuri akakumbuka kwamba bibi harusi alisomwa ni wa Njombe na jina likatajwa. Hapo Mama mdogo akakaa chini akaanza kucheka. Baba mdogo alitaka kukasirika, akashindwa aanzie wapi, maana barua ni yake.

Walifika Jumamosi usiku, kesho yake ni Majilio ya nne, basi lilichelewa njiani na gari la kupanda likagoma, wakatembea sehemu ya mwisho viatu mkononi, watoto mgongoni, wamelowa chapachapa. Mama mdogo akapiga goti mlangoni, "Shikamoo mama." Bibi akamwitikia marahaba, akamwangalia kuanzia juu mpaka kwenye tope, akasema, "Mkamwana, huko kwenu kusini Walutheri mpo kweli?" Yaani ndiyo swali la kwanza. Mama mdogo kwa upole tu akajibu tupo mama, kwetu kule nyanda za juu watu wa misheni ya Berlin walifika 1891. Bibi akahesabu kichwani akanyamaza, maana ile ni miaka miwili kabla yetu.

Jumatatu ndiyo kikao. Ofisi ya usharika ni chumba kidogo, benchi mbili, meza, picha ya Luther imefifia ukutani, nje mvua inapiga bati mpaka mnasemeshana kwa kelele. Mimi nilienda kwa kisingizio cha kumshikia Bibi mwavuli nikakaa mlangoni. Wazee watano sita hivi, makoti mazito. Baba mdogo waliongea naye haraka, akaulizwa unakubali ulikosea, akasema nakubali, unataka kurudi kundini, nataka, basi. Kazi ikawa kwa Mama mdogo. Barua yako iko wapi? Haijafika. Kipaimara ulipata? Nilipata. Cheti? Kiko kwa mama yangu, na huko barabara zimekatika. Kuna mzee mmoja pale, na huyu simpendi mpaka kesho ingawa alishafariki, ndiye aliyekuwa amezunguka mtaa mzima anasema yule mwanamke wa Dar ni wa kuokota, dini yake haijulikani. Akajikohoza akasema kama kipaimara kweli ulipata, tuambie amri ya nane. Na maana yake nini?

Waliofundishwa Katekisimo Ndogo, kile kitabu cha Luther cha mafundisho ya kipaimara, wanalijua hilo swali, unalipata kila amri, maana yake nini, maana yake nini, mwalimu na fimbo yake. Mama mdogo akasimama. Akaweka mikono nyuma kama mwanafunzi, akaangalia dirishani, akashusha. Usimshuhudie jirani yako uongo. Halafu maana yake, yote, kwamba tusimsingizie jirani, tusimsaliti, tusimharibie jina, bali tumtetee na tumseme vizuri na kila jambo lake tulichukue kwa upande ulio mwema. Kwa lafudhi ile ya Kibena, pole pole, hakuruka neno. Akafika mwisho nikajua ameshamaliza, kumbe ndiyo injini imewaka, akaunganisha ya tisa na maana yake, ya kumi na maana yake, akaingia kwenye Imani, kifungu cha kwanza, mchungaji akainua mkono, "Inatosha mama, inatosha." Yule mzee alikuwa anatafuta kitu kwenye mfuko wa koti. Bibi akamwinamia, kwa sauti ambayo hata mvua haikuizuia, "Mzee, na wewe tuanzie ya ngapi?"

Kikao chote kikacheka, mchungaji akaandika kwamba barua itafuatia.

Ikabaki bahasha. Karani akafungua lile daftari kubwa la ahadi, namba ya Baba mdogo iko palepale haijafutwa, na Baba mdogo alikuwa tayari ametoa pochi maana alijua deni la miaka yote hiyo halitakuwa la mchezo. Karani anashuka na kidole. Anageuza ukurasa. Anasema hapa hakuna deni. Mwaka hadi mwaka bahasha imerudi, mia, mia mbili, mwaka mmoja naona imeandikwa mayai. Wote kimya. Baba mdogo akamgeukia Bibi, na ule uso wake sitausahau, mtu mzima na kitambi chake. Bibi akarekebisha kilemba, "Sasa ungefia huko Dar wangekuzika na nini?" Kumbe zile hela za maziwa alizokuwa ananituma nimpelekee karani kwenye bahasha mbili, mimi siku zote nilidhani ya pili ni ya marehemu Babu.

Krismasi yenyewe sina haja ya kuieleza sana. Mkesha tulienda na taa za chemli, mti ni msedari umekatwa asubuhi, umepambwa pamba na mapulizo, watoto wa shule ya Jumapili tukasoma Isaya tisa kwa zamu na mwenzangu mmoja akasahau kipande chake akalia. Alfajiri ya tarehe 25 matarumbeta yakapigwa pale uwanjani bado giza, hiyo sauti ikishuka bondeni na ukungu unaamka hata kama hutaki. Waliotoka Dar na Arusha wakajaa mpaka nje, suti na viatu vya tope, kitambaa cha madhabahu sasa ni cheupe.

Ila sisi tulikuwa tunaingoja tarehe 26, kwetu ndiyo siku ya ubatizo. Walianza wa kurudi kundini, wakapiga magoti pale mbele, mchungaji akawawekea mikono, halafu ndoa, walikuwepo wengine pia wenye hali hiyohiyo, mmoja wao ana mvi na wajukuu. Mama mdogo alivaa kitenge kutoka dukani kwao, Bibi alikataa habari za shela. Halafu watoto. Binamu yangu mkubwa alishafundishwa akae kimya, lakini yale maji yanatoka mlimani na mwezi ule yalikuwa barafu, mchungaji alipoyachota tu na kiganja yule mtoto akauliza kwa sauti kanisa zima linasikia, "Ni ya baridi?" Mchungaji akajibu ndiyo ni ya baridi, akambatiza hivyohivyo huku mabega yanamcheza.

Nje mnada wa sadaka. Mkungu wa ndizi, kuku, maziwa, magunia. Wenye hela wa mjini wanapandishiana, mtu ananunua jogoo anamrudisha auzwe tena kwa ajili ya mabati, jogoo mmoja nadhani alinunuliwa mpaka akachoka. Walipoleta debe la viazi Mama mdogo alivitazama, akamnong'oneza Baba mdogo kwamba vya saizi hii kwao wanawapa nguruwe, na Bibi akasikia, na nikaona kabisa pale ndipo alipompenda, akacheka mpaka akashika nguzo. Akawaambia nunueni hivyohivyo. Wakanunua, vikaenda kuchanganywa kwenye machalari ya ndizi, tukala mpaka jioni, mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwepo lakini ilikaa nyuma ya nyumba mpaka mchungaji alipoondoka, na nina wasiwasi hata yeye alijua.

Walirudi Dar baada ya mwaka mpya. Mwezi wa kwanza umeshaenda sana karani akaniita nikitoka shule, barua ya Njombe imefika, bahasha ina alama ya maji, muhuri umevuja. Nikamsomea Bibi jikoni. Wanasalimu kwa jina la Bwana, wanathibitisha binti yao alibatizwa na kupata kipaimara kwao, ni Mkristo mwenye sifa njema. Halafu aya ya mwisho: na sisi tunaomba mtuletee barua ya huyo kijana wenu, maana hapa hatumfahamu na wazee wangu wa kanisa wanauliza kama ni mtu wa ibada.

Bibi aliweka mwiko chini. "Wanauliza nini?"

Nikarudia.

"Leta kalamu," akasema. "Andika, bahasha hadaiwi hata senti."