Trela nyuma ya gari kuukuu: hesabu za kupiga kabla ya kupakia

Hapa Uingereza siku ya trela hufika tu. Unahama nyumba, au kontena la Mombasa linapakiwa Jumamosi na friji na mashine ya kufulia bado ziko kwako. Van ya kukodi ni ghali, jirani ana trela dogo, na Zafira au Avensis yako ya miaka 15 ina chuma cha kuvutia nyuma. Swali ambalo kila mtu huuliza ni kama injini itaweza. Injini itaweza. Uliza kama gari litasimama.

Leseni kwanza, maana maneno ya zamani bado yanazunguka. Tangu tarehe 16 Desemba 2021, mwenye leseni ya gari dogo ya Great Britain anaruhusiwa kuvuta trela la hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada, hata kama alifaulu baada ya 1997. Ila ruhusa hiyo ni ya dereva. Gari lina ukomo wake, na mara nyingi uko chini sana ya hapo.

Ukomo huo umeandikwa kwenye kibati chenye namba ya chasisi, kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Kina mistari minne ya kilo: wa kwanza ni uzito wa juu wa gari likiwa limejaa watu na mizigo, wa pili ni uzito wa juu wa gari na trela pamoja, na miwili iliyobaki ni ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Mstari wa pili ukikosekana, gari hilo halikuidhinishwa kuvuta, hata kama kuna mtu alilifunga chuma.

Trela dogo la jirani kwa kawaida halina breki, na sheria yake ni kali zaidi: lisizidi kilo 750 pamoja na mzigo, wala lisizidi nusu ya uzito wa gari likiwa tupu. Gari la kilo 1,400 basi linaishia 700. Trela lenyewe likiwa na kilo 150, umebakiwa na 550 za mzigo. Kitabu cha gari kikitaja namba ndogo zaidi, fuata hiyo. Kama una wasiwasi, pita kwenye mizani ya umma. Zipo, na unalipa pauni chache. Tofauti na mizani ya kwetu barabarani, hapa unajipeleka mwenyewe.

Kupanga mzigo ndiko kunakoua watu. Vitu vizito, hasa mashine ya kufulia yenye bonge la zege ndani, vikae juu ya ekseli, chini kabisa, vikisogea mbele kidogo. Shingo ya trela inatakiwa ikandamize gololi ya kuvutia kwa asilimia 5 hadi 7 ya uzito wote wa trela. Kwa trela la kilo 600 ni kilo 30 hadi 42. Pima kwa mizani ya bafuni: egesha trela mahali tambarare, zuia magurudumu, simamisha kipande cha mbao juu ya mizani ili kishike shingo kwenye kimo kilekile cha gololi, kisha soma. Usipite namba iliyo kando ya herufi S kwenye kibati cha chuma cha kuvutia.

Mzigo ukielemea nyuma, shingo inainuka, mkia wa gari unakuwa mwepesi, na kwenye mteremko au lori linapokupita trela linaanza kuyumba kama nyoka. Likianza, toa mguu kwenye mafuta na shika usukani ukiwa umenyooka. Usikanyage breki kwa nguvu, usijaribu kulirekebisha kwa usukani, na usiongeze mwendo eti kulinyoosha.

Gari kuukuu lina mambo yake. Mafuta ya breki hunyonya unyevu. Kama hayajabadilishwa miaka miwili, yakipata moto mteremkoni yanachemka na pedali inazama hadi sakafuni. Badilisha kabla ya safari. Lala chini utazame kutu pale boliti za chuma cha kuvutia zinaposhika bodi. Jaza tairi za nyuma kwa kipimo cha mzigo kamili kilichoandikwa mlangoni. Za trela kagua nyufa za pembeni: trela hukaa bila kazi, kwa hiyo tairi huzeeka kabla ya kashata kuisha. Baada ya kama maili 30, simama, kaza nati za magurudumu tena na gusa vikombe vyake. Kimoja kikiwa cha moto kuliko mwenzake, beringi inaomba grisi au inakufa.

Taa za trela zikiwaka zote hafifu, au indiketa ikipepesa kila unapokanyaga breki, usinunue balbu. Ni athi, waya wa kurudisha umeme. Kwenye plagi ya pini 7 ni pini namba 3, waya mweupe. Kwangua kutu, mara nyingi tatizo linaishia hapo. Namba ya gari lako lazima iwe nyuma ya trela, na mnyororo wa usalama uwe mfupi kiasi kwamba shingo ikichomoka haigusi lami.

Barabarani mwisho ni maili 60 kwa saa kwenye motowei na barabara za njia mbili zilizotenganishwa, 50 kwenye barabara za kawaida. Motowei ikiwa na njia tatu au zaidi, ile ya kulia kabisa si yako. Ukipanda M62 kutoka Manchester kwenda Leeds, unafika mita 372, na upepo wa ubavuni ni mkali. Mshale wa joto ukipanda, fungulia hita moto wa mwisho, maana ni kama rejeta ndogo ya pili, na shusha vioo. Ukishuka, weka gia ndogo mapema, kama malori yanavyoshuka Kitonga, ili breki zisibebe kazi yote.

Kurudi nyuma: shika usukani sehemu yake ya chini kabisa, na usogeze mkono upande unaotaka trela liende. Likikunja kupita kiasi, songa mbele linyooke, uanze upya.