Doa la kijani kwenye ncha ya lisini: nilivyojenga asidi amino isiyo ya kawaida kwenye modeli ya protini

Kwa wiki mbili nililiita doa lile maji, na maji hayakuwa.

Kimeng'enya nilichokuwa nakishughulikia ni cha ukoo wa amidohidrolasi, vimeng'enya vinavyokata vifungo kwa kutumia maji, na hiki changu hushika ioni mbili za metali kwenye tundu lake la kazi. Fuwele zilikuwa nzuri, data za eksirei zikaonyesha undani wa hadi angstromu 1.9 (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), na mnyororo wa protini ulijengeka karibu wote bila shida. Kilichobaki ni pale katikati: ioni mbili za zinki zilizoachana kwa angstromu 3.5 hivi, na lisini moja, mojawapo ya asidi amino zinazounda mnyororo, imenyoosha mkono wake kuzielekea. Mbele ya ncha ya lisini hiyo, ramani ya tofauti, ile inayolinganisha data na modeli, ilionyesha doa la kijani. Kijani maana yake ni kwamba data zinaona elektroni ambazo wewe hujaziweka kwenye modeli.

Nikaweka maji, molekuli mbili, kila moja kando ya zinki yake. Kijani kikapungua, nikasonga mbele.

Dada mmoja tuliyekuwa tunatumia naye chumba cha kompyuta ndiye aliyenisimamisha. Aliinama kwenye skrini, akapima. "Kaka, haya maji yako yameachana angstromu 2.2. Tangu lini maji yakabanana hivi?" Kweli, molekuli mbili za maji zinazoshikana kwa haidrojeni huachana kama 2.8. Akapima tena, safari hii kutoka kila maji hadi nitrojeni ya ncha ya lisini: 2.3 upande huu, 2.3 upande ule. Ikatokea pembetatu safi. Akashusha kidogo kiwango cha kuonyesha ramani, na lile doa likaungana na lisini bila mkato wowote. Katikati ya pembetatu kulikuwa na atomi ambayo sikuwa nimeiweka.

Atomi hiyo ilikuwa kaboni. Kaboni dioksidi ilikuwa imejishikiza kwenye nitrojeni ya lisini na kuwa kabamati, na oksijeni zake mbili ndizo nilizokuwa nimezigeuza maji. Jambo hili si geni kwenye vimeng'enya. Rubisko, ambacho mimea hukitumia kukamata hewa ukaa, kina lisini ya namna hii kwenye nafasi ya 201, nayo husaidia kushika magnesiamu. Yurease inayo pia, ikiunganisha nikeli mbili.

Hata hivyo nilibisha, na nilikuwa na sababu. Tulikuwa tumepima uzito wa protini kwa spektrometa ya masi, na molekuli moja ya kaboni dioksidi ingeongeza daltoni 44 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Haikuongezeka kitu. Nilichokuwa nimesahau ni kwamba sampuli ya kipimo kile huyeyushwa kwenye asidi, na kabamati haivumilii asidi. Hewa ukaa huachia na kuondoka kabla hujapima. Fuwele zangu zilikuwa zimekua kwenye pH 8, mahali ambapo kabamati inaweza kutulia. Kwa asidi amino nyingi zilizobadilishwa, fosfoserini kwa mfano na daltoni 80 zake, kipimo cha masi ni shahidi mzuri. Kwa hii, ukimya wake hauthibitishi chochote.

Basi nikaanza kujenga, na hapo ndipo nilipoumia zaidi. Nilichora molekuli nzima mwenyewe, nikaipitisha kwenye programu ya AceDRG kupata kamusi ya urefu wa vifungo na pembe, nikaipa jina la herufi tatu nililobuni, nikaing'oa lisini na kupachika kitu changu. Baada ya mizunguko kumi ya kunoa modeli, yaani kuirekebisha kwa programu ili ilingane na data, mnyororo ulikuwa umekatika pande zote mbili. Kifungo cha peptidi, kati ya kaboni ya pingili moja (asidi amino moja ya mnyororo) na nitrojeni ya pingili inayofuata, kina urefu wa angstromu 1.33. Changu kilikuwa kimepita 2.5, na ramani imejaa nyekundu (mahali modeli ina elektroni ambazo data hazizioni) na kijani kama nguo iliyochanika.

Programu haikukosea. Kamusi yangu iliitambulisha molekuli ile kama kitu kinachoelea peke yake, si pingili ya mnyororo. Atomi zake niliziacha na majina ya C1, C2, C3, kumbe programu hutafuta N, CA, C na O ili ijue pa kufunga. Isipoyaona, huwachukulia majirani kama wageni waliosogeleana mno, na kazi yake kwa wageni ni kuwasukuma mbali. Juu ya hapo, molekuli niliyoichora ilikuwa na oksijeni ya ziada kwenye mkia, ile ambayo asidi amino huipoteza inapoungana na mwenzake.

Nilikuwa nimeshaanza kubadilisha majina moja moja nilipofikiria kutafuta kwenye kamusi ya kemikali ya wwPDB, hifadhi ya kimataifa ya maumbo ya protini. Ilikuwemo, inaitwa KCX, imeandikwa kama peptidi ya mkono wa kushoto, na zile atomi tatu za ziada zina majina yake: CX, OQ1 na OQ2. Tafuta kwanza kabla ya kuchora. Nasema hivi kwa uchungu wa siku tatu.

Kwenye Coot, programu ya kujengea modeli, nikabadilisha lisini kuwa KCX, nikageuza mkono hadi ukakaa kwenye ramani. Mambo mawili madogo bado yalinisumbua. Programu moja ilikuwa imeandika pingili hii mwisho wa faili, baada ya mstari wa TER unaotangaza mwisho wa mnyororo, kwa hiyo mnyororo ukasomeka una pengo. Niliirudisha kwenye nafasi yake kwa namba. Na zinki zilihitaji kuunganishwa waziwazi na OQ1 na OQ2 kwa umbali wa kama angstromu 2.0, la sivyo zingesukumwa vilevile.

Ili nisijidanganye mara ya pili, nilifuta CX na oksijeni zote mbili, nikaitikisa modeli kidogo, nikainoa upya bila hizo atomi. Doa likarudi lenyewe, lenye umbo la ubapa wenye pembe tatu, likionekana hata kwenye sigma 5, yaani juu kabisa ya kelele za ramani. Nikazirudisha. Thamani ya B ya CX, inayoonyesha jinsi atomi inavyotikisika au kutokuwa na uhakika wa mahali pake, ikatulia kwenye 24, na ile ya nitrojeni iliyo kando yake ni 22. Majirani wanaofanana hivyo wanakaa nyumba moja. Ingepanda hadi 50, ningepunguza ujazo wake, yaani sehemu ya molekuli zilizo nayo, na kuweka lisini ya kawaida pamoja na KCX kwenye namba ileile, jumla yao ikiwa 1.

Tangu hapo nimerudi kwenye modeli zangu za zamani nikitafuta maji yaliyokaa karibu kupita kiasi. Kwenye moja nimekuta sisteini, asidi amino yenye salfa, iliyo na "maji" angstromu 1.7 kutoka kwenye salfa yake. Huo ni urefu wa kifungo kati ya salfa na oksijeni: sisteini imeoksidishwa, na jina lake kwenye kamusi ni CSO. Nimeirekebisha leo asubuhi.