Kichupa nilikikimbia, dumu ndilo lililonivusha

Walioniambia "sahau tu, mama" wote wanalala vizuri. Mimi nilikuwa naamka saa nane usiku nimekumbatia mto, gauni limelowa jasho, puani harufu ya petroli.

Mtumbwi wetu wa dagaa ulipinduka mwaka 2019 tukitoka kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Tulikuwa saba, tukafika nchi kavu watano. Mimi nilielea juu ya dumu tupu la lita 20 mpaka kulipopambazuka. Sehemu hiyo siirefushi. Ninachotaka mjue ni kwamba miaka miwili baadaye nilikuwa siwezi kunawa uso kwenye beseni, na pikipiki ikiwashwa nyuma yangu nilikuwa nashika chochote kilicho karibu, hata mtu nisiyemjua. Biashara pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba nilimwachia mdogo wangu wa kiume: magunia kumi yanatoka kisiwani, yanafika saba na maelezo. Mganga mmoja akasema ziwa linadai mbuzi. Nikatoa mbuzi. Ziwa likashiba, mimi nikaendelea kukesha.

Ndipo binamu yangu aliyeko Marekani akanitumia sauti WhatsApp: "Dada, huku wenye kiwewe wanatundikiwa dripu ya ketamini, dakika 40 tu, mtu anatoka mwepesi kama pamba." Kwao ni mamia ya dola kwa dripu moja. Nikajiambia, dawa ni dawa, nitaipata hapahapa Mwanza kwa bei ya kibinadamu.

Acha nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Nilielekezwa kwa bwana mmoja, chumba kiko nyuma ya duka la dawa, koti jeupe lina doa la chai. Alitaka laki na nusu hivi, na akaniambia amenipunguzia. Nikalala kwenye benchi. Akanichoma sindano ya dripu mgongoni mwa mkono, akafunga plasta, akaanza kutafuta pa kutundika chupa. Akaondoa kalenda ukutani, akaupima msumari kwa jicho. Mimi natumia dawa za presha, nikamwuliza mashine ya kupimia iko wapi.

"Ameazima jirani."

"Na nikizidiwa?"

"Mama, hii dawa wanapewa hata farasi!"

Nikainuka. Alinifuata hadi mlangoni akidai hela ya plasta. Nikapanda daladala na sindano mkononi, konda akaniangalia: "Mama, umetoroka wodini?" Nikamjibu, "Zizini."

Nikapanda kilima hadi hospitali ya Bugando. Nesi akaitoa ile sindano huku akinisema kama mtoto aliyelamba sukari, kisha nikaelekezwa kwa daktari wa afya ya akili. Nikamchezea ile sauti ya binamu. Akasikiliza mpaka mwisho, akacheka. "Mama, ketamini ulishapewa." Kumbe baada ya ajali, waliponishona mguu kisiwani, ndiyo waliyonilaza nayo! Nikakumbuka: ziwa lilikuwa dari, na sangara wananichungulia kutoka juu. Akasema ni dawa ya usingizi ya miaka mingi, imetengenezwa 1962, na hospitali ndogo zinaipenda kwa sababu mgonjwa kwa kawaida huendelea kupumua mwenyewe. Kwa kiwewe wanatumia kidogo, nusu miligramu kwa kila kilo ya mwili, na mtu anakaa kando yako akikuangalia. Majaribio ya Marekani ya 2014 na 2021 yalionyesha nafuu ya haraka, ila yale ya dripu sita yalionyesha pia kwamba nafuu inaelekea kufifia ndani ya wiki chache. Jingine la wanajeshi, akaniambia baadaye lilipotoka 2022, halikuonyesha tofauti kwenye kiwewe kati ya dripu hiyo na dripu isiyo na dawa. Tena inapandisha presha. "Kwa presha yako hii, si mimi nitakayekutundikia."

Akaniandikia setralini, vidonge vya sonona na kiwewe. Ilipunguza makali, sikatai, ingawa wiki za mwanzo tumbo lilinisumbua. Lakini kilichonigeuza ni mnasihi mmoja aliyewahi kufanya kazi na wakimbizi Kigoma. Alitandika kamba sakafuni: hayo ndiyo maisha yako. Jema unaweka ua, baya unaweka jiwe. Kamba yake ilikuwa nyembamba, nikamletea ya nailoni ninayofungia magunia. Tulilifikia jiwe la ziwa siku ya nne, akanisimulisha polepole: maji yalikuwa baridi kiasi gani, nani alikuwa anaita, ulishika nini. Nilimchukia. Mara ya nane nikasimulia nikamaliza bila kutetemeka. Msiruke hatua hii mkakimbilia ninayoisema sasa.

Hii ya sasa ni akili yangu mwenyewe. Wakati huo daraja la Kigongo-Busisi lilikuwa bado linajengwa, watu wanavuka kwa kivuko, nauli ni hela ya chai na maandazi. Nikaamua kuvuka kila Jumanne, na nikabeba dumu tupu la lita 20 nimelikumbatia. Watu walidhani nafuata maziwa Sengerema. Nikirudi nalo tupu wananipa pole, "Leo hukupata, mama?" Mnasihi alipojua akashika kichwa, akasema ubongo wangu unadhani dumu ndilo linalonivusha, nitaliacha lini? Basi tukapatana: wiki mbili lita 20, wiki mbili lita 10, halafu lita 5, halafu lita 3, mwisho chupa ya maji ya nusu lita. Siku ya chupa niliinywa katikati ya ziwa nikaitupa kwenye pipa la kivuko. Nikalia, mama mmoja akadhani nimeibiwa.

Sasa naenda Ukara mwenyewe. Jaketi la kuokolea navaa, hilo si ugonjwa, na mawingu yakijifunga sipandi, nahodha anune anavyotaka. Magunia yanafika kumi. Mdogo wangu nimempa kazi ya mizani, nikiwa nimekaa pembeni yake. Lile dumu nimeweka mafuta ya kupikia.