Ijumaa Ile Ilikuwa Tarehe Ngapi?

Ukiacha jina la Yesu mwenyewe, Kanuni ya Imani inataja watu wawili tu kwa majina: Bikira Maria na Ponsyo Pilato. Huyu wa pili anashika nafasi ya tarehe. Walioitunga walitaka ieleweke kwamba Kristo aliteswa chini ya liwali anayejulikana, katika jimbo linalojulikana la Dola ya Roma. Imani inayosema hivyo imekubali kuulizwa maswali na wanahistoria na wanafalaki, na mimi naona hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Kwaresima hii nimekuwa nikilirudia swali moja dogo linalowakutanisha wote: Ijumaa ile ilikuwa tarehe ngapi, mwaka gani?

Tuanze na yasiyobishaniwa sana. Pilato alitawala Uyahudi tangu mwaka 26 hadi 36. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, ameandika habari zake, na Tacitus wa Roma anamtaja karibu mwaka 116 anaposimulia jinsi Nero alivyowatesa Wakristo. Mwaka 1961 wachimbaji wa Kiitalia huko Kaisaria, kwenye pwani ya Israeli ya leo, walikuta jiwe la chokaa lenye jina lake, lililokuwa limetumiwa tena katika ngazi za ukumbi wa maonyesho. Cheo kilichochongwa hapo ni praefectus, ilhali Tacitus alimwita procurator, cheo walichokuja kupewa maliwali wa baadaye. Yaani jiwe limemsahihisha mwanahistoria mkubwa wa Roma, na hakuna aliyesema kwa sababu hiyo kwamba Tacitus hafai kusomwa. Ningependa tuwasome waandishi wa Injili kwa uungwana huo huo.

Injili zote nne zinasema ilikuwa siku ya Maandalio, kesho yake ikiwa Sabato. Basi ni Ijumaa, majira ya Pasaka, kati ya mwaka 26 na 36. Na kwa kuwa Pasaka ya Kiyahudi inafuata mwezi wa angani, swali linageuka kuwa la hesabu: katika miaka hiyo, ni lini tarehe 14 au 15 ya mwezi wa Nisani iliangukia Ijumaa?

Msomaji wa pwani yetu hana haja ya kufundishwa namna ya kuhesabu. Siku inaanza jua linapozama. Jioni ya tarehe 29 watu wanatazama magharibi. Mwezi ukiandama, usiku huo ni tarehe mosi, usipoonekana mwezi unatimizwa siku 30. Yerusalemu ya karne ya kwanza ilifanya vivyo hivyo, mashahidi wakienda kutoa ushahidi wao mbele ya baraza. Mawingu yangeweza kuchelewesha siku moja, hayangeweza kuchelewesha mbili.

Tuuchukue mwaka 33. Jua na mwezi vilikutana mchana wa Alhamisi, 19 Machi. Jioni hiyo mwezi ulikuwa na umri wa saa chache tu, na hakuna jicho la binadamu linaloweza kuuona ukiwa mchanga kiasi hicho, kwa sababu bado umezama katika mwanga wa jua. Jioni ya Ijumaa, 20 Machi, ulikuwa umepita saa 24 na kusogea mbali na jua kwa nyuzi zaidi ya 12, kwa hiyo ulionekana kwa urahisi anga ikiwa safi. Hapo tarehe 1 Nisani inaanza. Hesabu mbele: tarehe 14 Nisani inaanza jioni ya Alhamisi, 2 Aprili, na mchana wake ni Ijumaa, 3 Aprili. Alasiri ya siku hiyo ndipo wanakondoo wa Pasaka walipochinjwa hekaluni, wakaliwa usiku uliofuata, ambao tayari ni tarehe 15.

Kuna ukaguzi ambao mtu yeyote anaweza kuufanya kwa kikokotoo cha simu. Toka Ijumaa, 7 Aprili mwaka 30, hadi Ijumaa, 3 Aprili mwaka 33, ni siku 1,092, yaani wiki 156 kamili. Mwezi mmoja, toka mwandamo hadi mwandamo, una wastani wa siku 29.53059. Zidisha kwa 37 upate 1,092.63. Tofauti ni kama nusu siku. Ndiyo maana miaka 30 na 33 inakwenda pamoja katika vitabu vyote vya somo hili: wiki na mwezi zinarudi karibu mahali pale pale baada ya miaka mitatu pungufu kidogo. Rudi nyuma hatua moja tena na utafika Ijumaa, 11 Aprili mwaka 27, ila hapo ile nusu siku imeongezeka, na tarehe inaelekea kuwa 15.

Hapo ndipo penye ugumu wa kweli, na hautoki angani. Unatoka ndani ya Biblia. Marko 14:12 anaiweka Karamu ya Mwisho usiku wa kula Pasaka, kwa hiyo Ijumaa ya msalaba inakuwa tarehe 15. Yohana 18:28 anasema asubuhi ya Ijumaa makuhani hawakuingia ndani kwa Pilato wasije wakanajisika wakashindwa kuila Pasaka, na 19:14 anaiita siku hiyo Maandalio ya Pasaka. Kwa Yohana, basi, ni tarehe 14. Mwaka 1957 Annie Jaubert, msomi wa Kifaransa, alipendekeza kwamba Yesu alifuata kalenda ya siku 364 inayojulikana pia kutoka magombo ya Qumran, hati za kale za Kiyahudi zilizopatikana karibu na Bahari ya Chumvi, akala Pasaka Jumanne usiku. Ni wazo lenye akili, lakini hakuna mstari wowote unaoonyesha Yesu akifuata kalenda hiyo, na waandishi wote wanamweka hekaluni siku za sikukuu pamoja na umati. Mimi naegemea upande wa Yohana. Paulo, katika 1 Wakorintho 5:7, barua iliyotangulia Injili zote, tayari anamwita Kristo mwanakondoo wa Pasaka aliyechinjwa. Pia ni vigumu kuwaza baraza likishughulikia kesi ya kifo na mazishi yakifanyika mchana wa sikukuu yenyewe. Lakini naegemea tu. Anayewaambia wanafunzi wa katekisimu kwamba hakuna tofauti yoyote hapo anawapeleka mikono mitupu kwenye siku watakayoisoma mistari hiyo miwili wenyewe.

Sasa makosa yanayofanywa na watu wanaotafuta tarehe hii kwenye intaneti, maana yanarudi kila Pasaka. La kwanza ni kutumia programu ya kubadilisha tarehe ya Kiyahudi ya leo. Kalenda ya leo ni ya hesabu iliyopangwa karne kadhaa baada ya hekalu kubomolewa, na ina kanuni kwamba 15 Nisani haiwi kamwe Jumatatu, Jumatano wala Ijumaa. Ukiitumia kwa karne ya kwanza, umeshaifuta hoja ya Mathayo, Marko na Luka kabla hujaanza kuhesabu, na programu haitakuambia. La pili ni kuchanganya kalenda ya Juliasi na ya Gregori. Wanahistoria huandika tarehe za karne ya kwanza kwa kalenda ya Juliasi. Programu inayorudisha nyuma kalenda ya Gregori itakuonyesha 1 Aprili mahali pa 3 Aprili, siku ya wiki ikibaki Ijumaa ile ile, na wengi huona tofauti hiyo wakadhani wamegundua siri.

La tatu ni mwezi wa nyongeza. Miezi 12 ya angani ina siku kama 354, kwa hiyo kila baada ya miaka miwili au mitatu mwezi wa 13 uliongezwa ili Pasaka isitoroke majira ya kuchipua. Uamuzi huo haukuwa wa hesabu. Tosefta, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, imehifadhi barua ya rabi Gamalieli inayotangaza kuongezwa kwa siku 30 kwa sababu wanakondoo walikuwa bado wadogo na nafaka haijakomaa. Hakuna kompyuta inayoweza kujua leo shayiri ya Uyahudi ilikuwaje mwaka 34. Isaac Newton alipokokotoa suala hili, alichagua 23 Aprili mwaka 34, tarehe inayotegemea kwamba mwezi uliongezwa mwaka huo. Hesabu yake ya mwezi ilikuwa nzuri. Shayiri ndiyo inayomwacha njiani.

Kuna jambo jingine ambalo mara nyingi hurukwa: dunia inapunguza mwendo wa kujizungusha. Sababu kubwa ni maji kupwa na maji kujaa, yanayoiburuza kidogo kidogo. Siku ya karne ya kwanza ilikuwa fupi kuliko yetu kwa takriban sehemu 30 za elfu moja za sekunde. Si kitu, utasema, lakini zikijumlishwa siku kwa siku kwa karne 19 zinafika karibu saa tatu za saa ya ukutani. Asiyeingiza marekebisho hayo atakuwa na dunia sahihi iliyogeuzia angani upande usio wake. Kipimo chenyewe kimepatikana hasa kutokana na vibao vya udongo vya Babeli, ambamo watazamaji waliandika saa za kupatwa kwa jua na mwezi. Wapagani waliokuwa wakitafuta ishara za miungu yao ndio wanaotusaidia leo kuihesabu Ijumaa Kuu.

Marekebisho hayo ndiyo yaliyowawezesha wanasayansi Colin Humphreys na Graeme Waddington, mwaka 1983 katika jarida la Nature, kuonyesha kwamba jioni ya 3 Aprili mwaka 33 mwezi ulipatwa. Kwa saa za Yerusalemu, tukihesabu kama tunavyohesabu sisi, kupatwa kulianza kama saa 9:40 alasiri mwezi ukiwa bado chini ya upeo, kukafika kilele yapata saa 11:15, mwezi ukachomoza kama saa 12:20 jioni, na kukaisha kama dakika 30 baadaye. Wao waliunganisha hilo na mahubiri ya Petro siku ya Pentekoste, Matendo 2:20, mwezi kugeuka damu. Mwanafalaki Bradley Schaefer alijibu mwaka 1990 kwamba kipande kidogo kilichobaki gizani wakati wa kuchomoza, katika mwanga wa magharibi, kisingeonekana chekundu na huenda kisingetambuliwa kabisa. Naona Schaefer ana hoja nzito. Na Petro ananukuu Yoeli. Hatoi ripoti ya hali ya anga.

Giza la saa sita hadi saa tisa ni habari nyingine, na hapa nawasihi wahubiri waache kusema "jua lilipatwa." Jua hupatwa pale tu mwezi unapopita kati yake na sisi, yaani mwishoni mwa mwezi wa kuandama. Pasaka iko katikati ya mwezi, mwezi mpevu ukiwa upande wa pili wa anga. Tena kupatwa kikamilifu hakuzidi dakika saba na nusu mahali pamoja, na Injili zinasema saa tatu. Jua lilipatwa kweli tarehe 24 Novemba mwaka 29, na Yerusalemu sehemu yake ilifunikwa, lakini Novemba si Pasaka. Hoja hii haikuletwa na wasioamini. Julius Africanus, Mkristo wa mwanzoni mwa karne ya tatu, ndiye aliyempinga mwandishi Thallus, aliyesema giza lile lilikuwa kupatwa kwa jua, kwa sababu hiyo hiyo: Pasaka huwa tarehe 14 ya mwezi, kwa hiyo maelezo ya kupatwa kwa jua hayasimami. Alikuwa na nafasi ya kumtumia Thallus kama shahidi kutoka nje, akaikataa kwa kuwa ushahidi ulikuwa mbovu. Namheshimu sana kwa hilo. Dhoruba ya vumbi kutoka jangwani inajulikana nchi ile majira hayo na inaweza kufifisha mchana, ila siwezi kusema ndiyo iliyotokea.

Kuhusu tetemeko la Mathayo 27, mwaka 2012 wanajiolojia Jefferson Williams, Markus Schwab na Achim Brauer walichapisha uchunguzi wa matope ya Bahari ya Chumvi karibu na Ein Gedi. Matope hayo hulala kwa tabaka za mwaka: jeusi la mafuriko ya masika na jeupe la madini ya kiangazi. Tetemeko huzivuruga zikaonekana kama zilizokorogwa. Walianza na tabaka la tetemeko linalojulikana la mwaka 31 kabla ya Kristo, wakahesabu kwenda juu, wakakuta vurugu nyingine inayoangukia kati ya mwaka 26 na 36. Magazeti yaliandika kwamba sayansi imethibitisha 3 Aprili mwaka 33. Watafiti wenyewe hawakusema hivyo. Kuhesabu tabaka kunaacha shaka ya miaka kadhaa, na hakuna tope linalotaja Ijumaa.

Kati ya 30 na 33, basi? Luka 3:1 anaanza huduma ya Yohana Mbatizaji mwaka wa 15 wa utawala wa Kaisari Tiberio, aliyemrithi Augusto. Augusto alifariki 19 Agosti mwaka 14, na kwa hesabu ya kawaida tunafika mwaka 28 au 29. Injili ya Yohana inataja Pasaka tatu, kwa hiyo 33 inakaa vizuri zaidi na 30 inabana. Wanaoshika mwaka 30 huhesabu tangu Tiberio alipoanza kushirikishwa utawala na Augusto, miaka miwili hivi kabla, na wanaungwa mkono na Yohana 2:20, miaka 46 ya ujenzi wa hekalu, inayoelekeza karibu mwaka 28 kwa Pasaka ya kwanza. Wasomi wazuri wako pande zote mbili.

Papa Fransisko, alipotangaza Jubilei ya 2025, aliutaja mwaka 2033 kama miaka 2,000 ya ukombozi, na maandalizi yatakuja hadi parokia zetu. Hesabu ya miaka iko sawa, maana hakuna mwaka sifuri wa kuruka katikati. Kwa mabango na vitabu vya mafundisho vitakavyochapishwa kuelekea mwaka huo, ombi langu ni kwamba paandikwe "mwaka 30 au 33", na chini yake sababu kwa mistari miwili au mitatu, ili kijana atakayeuliza akute jibu limeshaandikwa.