Maji ya Ollantaytambo

Mtu aliyezaliwa Marangu, chini ya Kilimanjaro, hubeba mlima mgongoni kila aendako. Taja tu unakotoka, mgeni atakuuliza umeupanda mara ngapi. Kwa miaka nilikuwa nikitabasamu na kujibu "kidogo", naye anadhani najishusha. Ukweli ni kwamba niliishia Mandara, kituo cha kwanza cha wapandaji, mita 2,700 hivi, nikiwa kidato cha tatu. Mvua ilitunyeshea usiku kucha, asubuhi tukarudi nyumbani kula ndizi. Binamu yangu ni mwongoza wageni, kileleni amefika mara nyingi hadi ameacha kuhesabu. Mimi ni muonja kahawa. Kazi yangu ni kukaa mezani na kijiko.

Kahawa ndiyo iliyonipeleka Peru, mwishoni mwa Agosti 2017. Mafunzo yalikuwa Lima, pwani kabisa, chini ya wingu la kijivu ambalo msimu huo haliondoki juu ya mji. Yalipokwisha nilibakiwa na siku nne, nikapanda ndege kwenda Cusco. Safari ni kama saa moja na robo tu, ukishuka uko mita 3,400 juu ya bahari. Kwetu mgeni hutembea siku mbili kufika kwenye mwinuko wa namna hiyo, na binamu yangu yuko nyuma yake akimwambia pole pole. Mimi nilitupia begi begani nikapandisha ngazi za mtaa wa San Blas kama ninayewahi daladala.

Usiku ule kichwa kilipigwa kama kinu. Nikilala, pumzi inakatika, nikikaa, kizunguzungu. Mama mwenye nyumba ya wageni alisikia nahangaika, akaja na kikombe cha majani ya koka yaliyotumbukizwa kwenye maji ya moto. Aliniuliza natoka wapi. Nikamwonyesha picha ya Kilimanjaro kwenye simu. Akaitazama picha, akanitazama mimi, halafu akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Baada ya hapo akasema neno moja ambalo hata Kihispania changu cha wiki mbili kililielewa: *abajo*. Shuka. Nenda bondeni.

Bonde lenyewe ndilo wanaloliita Bonde Takatifu la Wainka, watu waliotawala huko kabla ya Wahispania, linalofuata mto Urubamba kutoka Pisac hadi Ollantaytambo na kuendelea. Ollantaytambo ni karibu mita 2,800, yaani Mandara yangu ileile. Nilijiambia, hapo napamudu.

Asubuhi nilikwenda mtaa wa Pavitos, zinakopangwa gari ndogo za abiria. Mtu wa Moshi hahitaji kufundishwa chochote pale. Kijana amening'inia mlangoni anapiga kelele "Ollanta, Ollanta, Ollanta!", gari limejaa na bado anakuhakikishia kuna nafasi, na dereva haondoki mpaka kiti cha mwisho kimepata mtu na nusu. Jambo moja tu sikulijua. Barabara ya kushukia bondeni kwanza inapanda. Inakupeleka hadi Chinchero, zaidi ya mita 3,700, ndipo iteremke.

Urefu huo ni wa Horombo, kituo kinachofuata Mandara. Horombo kwetu ni vibanda vya wageni, ukungu na kunguru wanaovizia mabaki ya chakula. Chinchero ni kijiji. Wanawake walikuwa wamekaa mlangoni wakisokota sufu, watoto wa shule wanakimbizana (wanakimbia, kwa pumzi gani?), mashamba ya viazi yamefuata mgongo wa kilima hadi macho yanapokoma. Watu wanaoa na kuzaa huko. Mimi nilikuwa nimeshikilia mfuko wa plastiki mdomoni.

Kando yangu alikaa bibi mmoja, kofia ndefu, nywele mbili za kusuka zimefungwa pamoja mgongoni, na mzigo wake kwenye kitambaa chenye mistari alichokifunga kifuani vilevile mama zetu wanavyofunga kanga wakibeba mtoto. Hakuniuliza kitu. Alichomoa kifuko, akachagua majani ya koka moja moja, akayapanga viganjani kama mtu anayepanga noti, akaninyooshea. "Papay," akasema, yaani "baba" kwa Kikechua, na kunionyesha shavu lake. Nikayaweka shavuni. Ladha yake ni ya majani makavu ya chai yaliyosahaulika kabatini, halafu taratibu ulimi unakufa ganzi. Kwa mtu aliyewahi kuona walaji wa mirungi, mkao ule wa shavu si mgeni, ingawa hawa hawatafuni kwa pupa, wanayanyonya tu. (Peru ni halali na kila duka linauza. Usirudi nayo nyumbani, hata ya kwenye vifuko vya chai. Uwanja wa ndege hawatakuelewa.)

Nikamwita mama, naye akapokea kama alivyotarajia kuitwa hivyo. Sikupona, ila nilitulia. Na mjinga akitulia huanza tena mipango yake. Badala ya kubaki garini nishuke hadi bondeni kama nilivyoamriwa, nilipoona kibao cha Maras nikagonga dirisha. Nilitaka kuona chumvi. Bibi alinitikisia kichwa. Gari likaondoka.

Kutoka njia panda nilipata lifti ya teksi hadi kijijini Maras, na kutoka hapo nikatembea. Vumbi jekundu, jua kali, kivuli hakuna, na upande wa kaskazini milima yenye theluji. Nilikuwa nikihesabu hatua ishirini, nasimama, ishirini, nasimama. Mzee mwenye punda wawili alinipita, na baadaye kidogo akanipita tena akirudi.

Kisha bonde dogo likafunguka chini yangu, na kwa muda nikasahau kichwa. Vidimbwi vya chumvi, zaidi ya elfu tatu, vimepangwa ngazi kwa ngazi kwenye ubavu wa mlima, vingine vyeupe kabisa, vingine rangi ya maziwa yaliyotiwa chai. Vyote vinanyweshwa na chemchemi moja ya maji ya chumvi inayotoka ndani ya mlima, nyembamba hivi kwamba unaweza kuivuka kwa hatua moja. Maji yanaingia kwenye mfereji mkuu, mfereji unagawanyika, na kila mwenye kidimbwi anafungua kidogo, anajaza, anaziba. Kila kidimbwi kina familia yake. Jua linafanya kazi iliyobaki. Mwanamke mmoja alikuwa peku ndani ya kidimbwi, anakwangua tabaka la juu kwa kibao na kulirundika kwenye kikapu. Nilichovya kidole kwenye mfereji nikakilamba. Maji ya bahari ni chai ya sukari ukilinganisha na yale.

Nilikaa pale muda mrefu nikitazama namna anavyoziba. Hakutumia koki wala bomba, ila jiwe na tope la chumvi lililokandamizwa kwa kisigino. Niliijua ile kazi. Nilikuwa nimeifanya, sikumbuki vizuri lini.

Njia ya miguu inateremka kutoka kwenye vidimbwi hadi mtoni, na kila nilivyoshuka kichwa kilifunguka kama mtu anavyofungua vifungo vya shati. Barabarani nikapata gari, na jioni nikaingia Ollantaytambo. Nje ya nyumba moja kulikuwa na mti mrefu uliofungwa mfuko mwekundu wa plastiki kwenye ncha. Nikajua maana yake kabla sijaambiwa, kwa sababu pombe ina alama zake dunia nzima. Ndani walikuwa na chicha, pombe ya mahindi yaliyooteshwa, yakakaushwa, yakachemshwa na kuachwa yachachuke. Ina uchachu wa mbege, na ile chembechembe ya kimea inayobaki kwenye meno, ila haina ndizi, na glasi yao ni kubwa kupita kata. Jirani yangu mezani alimwaga tone sakafuni kabla ya kunywa, la Pachamama, mama ardhi. Nami nikamwaga langu. Babu yangu asingekunywa bila kuwapa kwanza wa chini, kwa hiyo sikuona nimeiga kitu.

Usiku nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Lima. Kama saa kumi alfajiri nikaamka kwa sauti ya maji. Nilidhani mvua. Nikafungua dirisha, nyota zimejaa. Maji yalikuwa barabarani, kwenye mfereji wa mawe uliopita chini ya ukuta, yanakimbia gizani peke yake. Mitaa ile ya zamani ilipangwa na Wainka wenyewe, watu bado wanaishi ndani ya nyua zao zilezile zenye mlango mmoja wa mawe, na mifereji yao bado inapitisha maji kutoka milimani.

Mfongo. Ndiyo sauti niliyoisikia. Nilipokuwa mdogo, mfongo wa babu ulipita nyuma ya jiko, ukiletwa kutoka mtoni juu msituni hadi kihambani kwetu, na zamu yetu ilikuwa usiku. Nilikuwa namshikia taa. Kusafisha ulikuwa wajibu wa ukoo mzima, na asiyefika alitozwa mbege. Sasa kwetu kuna bomba, na mfongo ule umejaa majani makavu na chupa za soda.

Kulipopambazuka nilipanda magofu ya Wainka. Ngazi zile si za mchezo, lakini nilikwenda pole pole, hatimaye. Juu kabisa kuna mawe sita ya rangi ya waridi yamesimama bega kwa bega, kila moja refu mara mbili ya mtu, yaliyoletwa kutoka machimbo ya ng'ambo ya mto, mlima wa pili. Mengine hayakufika. Yamelala njiani mpaka leo na watu wanayaita mawe yaliyochoka. Niliyapenda hayo kuliko yaliyofika. Mwongozaji wa kundi jirani alikuwa akisimulia jinsi Manco Inca, mfalme wa Wainka, alivyomshinda Hernando Pizarro, kamanda wa Wahispania, hapo mwaka 1537. Mishale ilitoka juu, lakini pia walifungulia maji ya mifereji kwenye uwanda wa chini mpaka farasi wa Wahispania wakashindwa kwenda. Wageni walipiga picha mawe. Mimi nilikuwa natazama uwanda.

Niliposhuka, pembeni mwa mji, mzee mmoja alikuwa ananywesha shamba tupu kabla ya kupanda mahindi. Alikuwa ameziba mfereji kwa jiwe na mabonge ya nyasi, lakini maji yalikuwa yanavuja upande wa kushoto, na kila akiongeza bonge linasombwa. Nikamwonyesha kwa mkono: upande wa juu kwanza, jiwe dogo, halafu bonge lenye mizizi, uso wa nyasi chini. Akanitazama kama anayetazama mbuzi anayesema. Sikungoja ruhusa. Nikaweka jiwe, nikaweka bonge, nikakandamiza kwa kisigino kama babu alivyonifundisha, maji yakanijaa kiatuni, baridi ya theluji hasa.

Uvujaji ukakoma. Maji yakageuka, yakaingia shambani.

"Allinmi," akasema mzee, ni vizuri, halafu akatazama viatu vyangu vya mjini akacheka kama yule mama wa Cusco. Treni ya kwenda magofu ya Machu Picchu ilikuwa imeshapiga honi stesheni. Nilikimbia, na Machu Picchu nikaifikia na soksi mbichi.