Mint, Debian na FreeBSD kwenye laptopu moja ya mtumba

Windows 10 ilipoisha sapoti Oktoba 2025 kilaptopu changu kikagoma kupokea Windows 11, ni ya zamani yenye ramu GB 4 tu na hela ya kununua nyingine sina, basi nikahamia mazima huku kwa kina Unix, familia ya mifumo ya kuendeshea kompyuta yenye kina Linux (Ubuntu, Mint na Debian ni Linux) na FreeBSD. Kazi zangu za kawaida tu, kuandika barua, kuprinti, mahesabu ya duka, YouTube usiku.

Kitu cha kwanza ni bando jamani. Anayekwambia "wewe pakua tu Ubuntu" hakulipii data, faili lake linakaribia GB 6, Mint ya Xfce (desktopu nyepesi) ni kama nusu yake, na Debian ile ya netinst haifiki hata GB 1 ila usifurahi mapema maana vilivyobaki utavivuta wakati wa kuinstall.

Mint ndo iliyonipa raha, nilichomeka simu kwa waya wa USB nikawasha kushea data, intaneti hiyo hapo, hata pasiwedi haijaniuliza, na printa ikajitokeza yenyewe. Ila ukifungua tabo nyingi za Chrome kwenye GB 4 itakata pumzi tu, hapo hakuna mfumo utakaokusaidia.

Sasa FreeBSD, hii sio Linux kabisa, ni ukoo wa Unix ya chuo kikuu cha Berkeley, Marekani. Niliyoweka mimi ukimaliza kuinstall unakutana na skrini nyeusi imeandikwa login, desktopu utajijua mwenyewe: xorg (ya kuchora madirisha kwenye skrini), draiva ya grafiki, xfce, halafu uende kuongeza mistari kwenye faili la mipangilio, rc.conf. Simu ileile, waya uleule, kimya! Mpaka upige amri kldload if_urndis (inapakia draiva ya simu) kisha dhclient ue0 (inaomba anwani ya mtandao) ndo data inaingia. Lakini kwenye apdeti nimeikubali, unatengeneza nakala ya mfumo kwa amri ya bectl, mambo yakiharibika unachagua ile ya zamani kwenye menyu ya kuwashia na unaendelea na kazi. Mint nayo ina Timeshift, programu ya kutunza nakala kama hizo, sema kurudisha kunachukua muda zaidi.

Kwa hiyo laptopu imebaki na Mint, FreeBSD nimeipeleka kwenye desktopu ya dukani inatunza mafaili. Mac nayo ni Unix yenye cheti kabisa, ila bei yake mnaijua.

Ukitaka kujaribu usifute kitu kwanza, iwashe Mint kutoka kwenye flashi, chomeka simu na printa yako hapohapo, vikikubali ndo ubonyeze install.