Mheshimiwa wa orodha, kutoka Badin

Mama alikuwa diwani wa viti maalumu miaka mitano, na miaka yote hiyo watu walimuuliza, "Mheshimiwa, kata yako ipi vile?" Wanajua fika hana kata. Kulikuwa na mwenzake mmoja, mwenye kata yake, aliyependa kumwita "mgeni mwalikwa". Mama alicheka naye. Akifika nyumbani, anavua viatu mlangoni, kimoja kinaruka huku, kingine kule, nasi watoto tunajua leo kulikuwa na kikao.

Ndiyo maana nikisoma habari za Tanzeela Qambrani, mwanasiasa wa Pakistani mwenye asili ya Afrika, sianzi na rangi yake, ingawa wote wanaanzia hapo. Naanza na kiti.

Aliingia Bunge la Jimbo la Sindh, kule Pakistani, mwaka 2018, kwa chama cha PPP (Pakistan Peoples Party). Bunge hilo lina viti 168: 130 vya kugombewa kwa kura, 29 vya wanawake, 9 vya wasio Waislamu. Vya wanawake havipigiwi kura moja kwa moja. Chama kinapeleka orodha ya majina tume ya uchaguzi, kisha kinagawiwa kulingana na viti kilivyoshinda, majina yakihesabiwa kuanzia juu. Msomaji wa Tanzania sina haja ya kumfafanulia zaidi. Jina likiwekwa chini, umekwisha.

Tanzeela mwenyewe aliwahi kusema kuwa kama Columbus alivyogundua Amerika, ndivyo Bilawal Bhutto Zardari, mwenyekiti wa chama chake, alivyowagundua Masheedi, watu wa jamii yake. Sijui alisema kwa shukrani tu au na kachumbari kidogo ndani yake. Maana Columbus naye alikuta watu.

Masheedi wako Sindh zamani. Ni wajukuu wa Waafrika waliovushwa bahari kwa majahazi, wengi wao utumwani, wengine kutoka pwani hii hii yetu kupitia Maskati. Wengi wanajiita Qambrani kwa heshima ya Qambar, aliyeachwa huru na Sayyidna Ali. Jemadari wao, Hoshu Sheedi, aliuawa mwaka 1843 karibu na Hyderabad akipigana na jeshi la Kiingereza la Charles Napier. Kauli inayosemwa ni yake, kwamba tutakufa lakini Sindh hatuitoi, wanasiasa wa huko wanaipigia kelele majukwaani hadi leo. Kwa hiyo maneno ya Sheedi yalipanda jukwaani mapema tu. Mwanamke wa Kisheedi ndiye aliyesubiri mpaka 2018 kuingia bungeni.

Na si kwamba aliokotwa njiani. Baba yake alikuwa mwanasheria, mama yake mwalimu. Yeye alisomea mambo ya kompyuta Chuo Kikuu cha Sindh, na kabla ya bunge alishakuwa diwani huko huko kwao wilayani Badin, kusini kabisa, karibu na bahari. Hapo kwenye udiwani ndipo nilipompenda. Mtu aliyewahi kusimamishwa sokoni kuulizwa habari za mtaro ulioziba si mgeni mwalikwa.

Mwaka 2020, George Floyd, Mmarekani mweusi, alipouawa na polisi Minneapolis, Tanzeela alipeleka azimio bungeni Karachi kulaani mauaji yale. Wapo watakaouliza Badin na Minneapolis wapi na wapi. Lakini kwao neno "Sheedi" lenyewe watu hulitamka kwa dharau, na yeye alishasema anatamani siku litakapotamkwa kwa heshima.

Sasa kilichonifanya niandike. Wazazi wa babu zake walitoka Tanzania, na dada yake mmoja ameolewa Tanzania. Anasimulia kwamba siku ya harusi ya dada yake vijana wa Kisheedi waliingia uwanjani na hatua zao za ngoma, zile wanazoamini hakuna mwingine anayeziweza. Bwana harusi na wageni wake kutoka Afrika wakajitosa, wakazicheza vile vile, miguu haikosei.

Nilimsimulia mama kwa simu. Habari za orodha ya chama alizisikiliza kimya; hizo anazijua. Nilipofika kwenye harusi akanikatiza.

"Huyo bwana harusi, mtoto wa nani?"

"Mama, hawakuandika."

"Wa Tanga?"

"Hawakuandika, mama."

"Basi ulizia," akasema. "Kwa miguu hiyo, asije akawa wa kwetu."